Stanley na Mfuko wa Barua wa Kwihara



Mtu akilitaja jina la Stanley hapa Tabora, kila mwanafunzi hukumbuka jambo moja tu, kwamba ndiye aliyekwenda kumtafuta Daktari Livingstone akamwona Ujiji. Wengine huongeza ile salamu wanayosema alimwamkia nayo, kisha hucheka, na hapo habari huisha. Mimi sikusudii kuirudia habari hiyo kwa namna ile ile. Nataka kuwasimulia maisha ya Stanley kama mwandishi wa gazeti, maana hiyo ndiyo kazi iliyomleta, na zaidi nataka kuwaeleza juu ya mfuko mmoja wa barua alioukuta Kwihara, mahali ambapo sisi tunaweza kwenda kwa miguu siku ya Jumamosi na kurudi kabla ya kengele ya chakula cha jioni.

Tembe lililoko Kwihara leo limejengwa upya kwa mfano wa lile la kale. Mwaka jana nilikwenda huko pamoja na wenzangu wanne. Mmoja wao kwao ni Ng'ambo, hapa hapa mjini, na babu yake alituambia tusiende kutazama kuta tu, bali tuulize ni vitu gani viliwekwa ndani yake siku zile, na kwa nini viliwekwa. Swali la mzee huyo ndilo lililonifanya nitafute habari hizi.

Jina alilopewa Stanley alipozaliwa lilikuwa John Rowlands. Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 katika mji mdogo wa Denbigh, nchi ya Wales. Mama yake hakuwa ameolewa, na mtoto alilelewa na babu yake mzaa mama. Babu alipofariki, wajomba walilipa fedha kwa muda ili mtoto akae kwa watu wengine, halafu wakachoka kulipa. Mwezi wa Februari 1847, mtoto akiwa na umri wa miaka sita, alichukuliwa akapelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Yeye mwenyewe alieleza alipokuwa mtu mzima kwamba aliambiwa anakwenda kumwamkia mama yake mdogo, na mlango ulipofungwa nyuma yake ndipo alipojua kwamba amedanganywa.

Nyumba hizo za maskini ziliendeshwa kwa kodi za wananchi. Walitiwa humo wazee wasiojiweza, wagonjwa na watoto wasio na mtu, wakavikwa nguo za namna moja na kupimiwa chakula. Mwalimu wao, James Francis, alikuwa na mkono mmoja, na Stanley aliandika kwamba kwa mkono huo aliwapiga watoto bila huruma, hata siku moja yeye akampiga mwalimu na kutoroka. Lakini watu waliokwenda kupekua daftari za nyumba ile hawakuona habari ya mapigano hayo. Waliona tu kwamba kijana aliondoka mwaka wa 1856 kwenda kwa jamaa zake. Nimelitaja jambo hili mapema kwa sababu tutakutana nalo tena. Stanley alikuwa na macho makali ya kuona, ila mara nyingi hakuridhika na kile alichokiona peke yake.

Alipokuwa na miaka kumi na saba alipata kazi katika merikebu iliyokuwa ikienda New Orleans, Marekani. Huko akaiacha merikebu, akafanya kazi kwa wafanya biashara, na baada ya muda akaanza kujiita Stanley. Alisema kwamba tajiri mmoja wa jina hilo alimfanya mwanawe. Wachunguzi wa siku za baadaye wanaitilia shaka sana habari hiyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea Marekani, aliingia jeshi la Kusini, akatekwa Shiloh mwezi wa Aprili 1862, akatoka kifungoni kwa kukubali kuingia jeshi la Kaskazini, akaugua na kuachiliwa. Baadaye akaingia katika manowari za Kaskazini, na huko akatoroka. Haya nayapita upesi.

Kazi ya magazeti ndiyo iliyomfaa. Mwaka wa 1867 gazeti la Missouri Democrat lilimtuma kuandika habari za vita vya serikali ya Marekani na wenyeji asilia wa nchi ile. Mwaka uliofuata, Waingereza walipokwenda Uhabeshi kupigana na Mfalme Theodore, Stanley alifuatana nao kwa niaba ya New York Herald. Kabla ya kwenda alipita Suez, akampa bakshishi karani wa simu ili habari zake zitangulie za wengine. Bahati ikawa upande wake, kwani habari zake zilipokwisha kupita tu, waya wa baharini ukakatika, na London yenyewe ikapata habari za kuanguka kwa Magdala kutoka gazeti la New York. Watu wengi husimulia hadithi hii kwa kumsifu. Mimi naiona kuwa ni rushwa, ingawa nakiri kwamba nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka.

Mwezi wa Oktoba 1869 aliitwa Paris na Bwana James Gordon Bennett, mwana wa mwenye gazeti, akaagizwa kumtafuta Livingstone, gharama yo yote iwe. Livingstone alikuwa ameingia bara tangu mwaka wa 1866, na Ulaya hawakujua kama yu hai au amekufa. Stanley alipewa kwanza kazi nyingine nyingi za njiani, kwa hiyo alifika Unguja tarehe 6 Januari 1871.

Wakati huo ubalozi wa Uingereza Unguja ulikuwa mikononi mwa Daktari John Kirk, aliyekuwa akikaimu. Alikuwa mganga na mjuzi wa mimea, na zamani alisafiri na Livingstone katika mto Zambezi. Stanley alimficha kusudi la safari yake, naye Kirk hakumchangamkia. Tangu siku ile hawakupendana.

Hapa yafaa nieleze jambo ambalo vitabu vingi hulipita. Siku zile hapakuwa na posta kati ya pwani na Unyanyembe, wala reli, maana reli ilifika Tabora mwaka wa 1912. Barua za mtu aliyekaa bara, dawa zake, nguo na shanga zake za kununulia chakula, vyote vilikwenda juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Kwa upande wa Livingstone, kazi ya kumpelekea vitu hivyo ilikuwa ya ubalozi, na mwaka wa 1870 Serikali ya Uingereza ilitoa pauni 1,000 za hazina kwa ajili yake. Basi jambo hili lilikuwa zaidi ya hisani ya rafiki kwa rafiki. Lilikuwa huduma ya serikali, iliyolipiwa kwa fedha za watu wote, na mtu ye yote alikuwa na haki ya kuuliza: fedha imetoka, je, mzigo umefika?

Stanley aliuliza. Alipovuka kwenda Bagamoyo kutafuta wapagazi, alikaa huko majuma kadhaa akiulizauliza, akasikia kwamba msafara wa ubalozi uliotoka Unguja mwanzoni mwa Novemba 1870 ulikuwa umekaa Bagamoyo zaidi ya siku mia moja bila kuondoka. Akasikia pia kwamba uliondoka mwezi wa Februari kwa sababu tu watu wake walipata habari kwamba balozi mwenyewe anakuja. Mambo hayo aliyaandika katika daftari yake, akaanza safari.

Aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 pamoja na kikosi cha mwisho cha msafara wake. Vikosi vilikuwa vitano, na jumla ya watu wapata 190. Nahodha wa askari wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwa utumwani Bara Hindi, ambaye alikwisha kufika Tabora mwaka wa 1857 pamoja na Burton na Speke. Kwa hiyo aliyeijua njia alikuwa Bombay. Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa, mabwawa ya Makata yalijaa, punda wakafa, na homa ikampiga kila mtu. Wazungu wawili waliofuatana na Stanley, Farquhar na Shaw, hawakurudi pwani. Mmoja alikufa Mpwapwa, na mwingine alikufa hapa Kwihara. Tena Stanley aliwachapa wapagazi wake kwa mjeledi, na waliotoroka wakikamatwa aliwatia minyororo. Mambo haya hatukuyapata kwa adui zake, aliyaandika mwenyewe katika kitabu chake bila haya. Nashangaa kwamba mtoto aliyepigwa St Asaph hakuyakumbuka mapigo yale alipopata mjeledi mkononi mwake.

Tarehe 23 Juni 1871 aliingia Unyanyembe. Liwali wa Waarabu, Said bin Salim, alimpokea kwa heshima akampa tembe la kukaa Kwihara. Na huko Kwihara aliikuta shehena ya Livingstone! Ule msafara uliokawia Bagamoyo ulikuwa umefika, ukasimama. Mkuu mmoja wa msafara alikufa kwa ndui. Kati ya mizigo hiyo palikuwa na mfuko wa barua, na juu yake iliandikwa tarehe ya kwanza Novemba 1870, pamoja na maneno ya kuonyesha kwamba ni barua za rejista za kupelekwa Ujiji. Ndani yake mlikuwa na barua za watoto wa Livingstone.

Fikirini jambo hili. Msafara wenye mwendo mzuri ulitoka pwani ukafika Unyanyembe kwa miezi mitatu hivi. Mfuko huu ulitimiza mwaka mzima tangu uandikwe, na ulikuwa bado haujamfikia mwenyewe.

Njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa. Mirambo, mtawala wa Urambo, alikuwa na ugomvi na Waarabu wa Tabora juu ya biashara na ushuru wa njia, na vita vikatokea. Stanley akaacha kalamu akashika bunduki, akaenda na Waarabu kumpiga Mirambo katika vita visivyomhusu, nao wakashindwa vibaya. Tarehe 22 Agosti 1871 watu wa Mirambo waliingia Tabora wakachoma moto sehemu ya mji. Stanley alikuwa Kwihara akiuona moshi, amekwisha kutoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe lake. Hawakumjia. Tarehe 20 Septemba aliondoka kwa njia ya kusini, akazunguka kupitia Ukonongo ili aikwepe vita, akauchukua na ule mfuko wa barua.

Tarehe aliyoiandika ya kufika Ujiji ni 10 Novemba 1871, ingawa hesabu yake ya siku inaonekana ilipotoka kwa sababu ya homa. Kuhusu ile salamu mashuhuri, kurasa za daftari yake za siku ile zilichanwa, kwa hiyo hakuna ajuaye kwa hakika kama aliitamka. Mimi simo katika mabishano hayo. Lililonigusa ni kwamba Livingstone alikuwa amerudi kutoka Manyema siku chache kabla, amekonda, akitumaini kuikuta mali yake Ujiji, akaambiwa kwamba Sharifu, mshona nguo aliyepewa kuileta shehena ya awali kutoka pwani, ameiuza yote. Alikuwa karibu kuwa ombaomba. Stanley alipompa mfuko wa barua, mzee aliuweka magotini, akafungua barua moja mbili za watoto wake, kisha akataka kwanza aambiwe habari za ulimwengu.

Wakasafiri pamoja katika ziwa mpaka upande wa kaskazini, wakaona kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Kisha wakarudi huku kwetu, wakafika Kwihara tarehe 18 Februari 1872, ili Livingstone achukue mali yake iliyobaki.

Sasa tumefika kwenye jibu la swali la mzee wa Ng'ambo. Walifungua chumba, wakaleta orodha, wakahesabu kitu kimoja kimoja. Msimamizi aliyebaki hai alikuwa amesema kwamba kila kitu ni salama. Orodha ilipotajwa na mizigo ilipohesabiwa, vitu vikapungua. Alipoulizwa sana, ndipo alipokumbuka robota moja la merikani na kaniki ambalo alikuwa amelificha. Kufuli ya ghala ya Stanley nayo ilikuwa imevunjwa. Palikuwa na chupa za brandi zilizovunjwa ili ionekane kwamba ni bahati mbaya ya njiani. Lakini vizibo vyake vilikuwa vimesukumwa ndani, na mahali pa vizibo pametiwa magunzi ya mahindi. Chupa inayovunjika kwa bahati mbaya haihitaji gunzi. Aliyekunywa alikunywa kwanza, akaziba, na baadaye ndipo akavunja.

Mimi naona kwamba siku ile, katika chumba kile, Stanley na mwenyeji wake walifanya kazi ya uchunguzi kama ipasavyo. Walikuwa na orodha ya vilivyotumwa, walikuwa na vitu vyenyewe mbele ya macho, na walikuwa na mtu wa kumwuliza. Hawakuhitaji kukisia.

Tarehe 14 Machi 1872 waliagana. Stanley alirudi pwani na barua na daftari za Livingstone zilizotiwa lakiri, na alipofika Unguja akamtafutia watu hamsini na saba pamoja na mahitaji. Watu hao waliondoka pwani mwishoni mwa Mei, wakafika Kwihara tarehe 14 Agosti, yaani chini ya miezi mitatu. Livingstone akaondoka nao siku chache baadaye kwenda kusini, akafa katika kijiji cha Chitambo mwaka wa 1873. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kupitia Tabora hii mpaka Bagamoyo. Stanley alikuwa mmoja wa waliolishika jeneza siku ya mazishi katika Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874.

Lakini nimetangulia. Mwaka wa 1872, katika gazeti lake, katika hotuba na katika kitabu alichokitoa mwaka ule ule, Stanley alimshtaki Kirk mbele ya watu wote. Alisema Kirk hakujali, aliuacha msafara ulale Bagamoyo, na hata alipokwenda huko alikwenda kwa ajili ya kuwinda. Livingstone mwenyewe, kwa uchungu wa njaa yake, alikuwa ameandika maneno makali kwamba shehena zake zilikabidhiwa watumwa wa Wahindi wa Unguja badala ya watu huru. Serikali ya Uingereza ilifanya uchunguzi, na Kirk akaondolewa lawama.

Je, nani alikuwa na haki? Nimelifikiri sana jambo hili. Mfuko wa barua ulikuwako, na tarehe yake ilikuwa juu yake. Siku za kukaa Bagamoyo zilikuwa za kweli. Mwizi wa Kwihara alikuwa wa kweli. Hata hivyo kulikuwa na mambo mengine ambayo Stanley hakuyapima. Kipindupindu cha mwaka wa 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu Unguja, pwani na katika misafara, na Sharifu na watu wake walisafiri katikati ya maradhi hayo. Kirk hakuwa na askari wala hakimu wa kuwalazimisha watu walio mbali naye mwendo wa miezi mitatu. Shehena ilipofika Unyanyembe, Mirambo akaifunga njia, na Stanley alilijua hilo kuliko mtu mwingine ye yote, maana yeye mwenyewe alizuiwa hapa miezi mitatu, tena akiwa na bunduki nyingi na fedha za gazeti tajiri. Aliuona mzigo uliokwama. Moyo wa Kirk hakuuona, lakini aliuandika kana kwamba ameuona pia.

Nitasema jambo langu moja, kwa sababu bila hilo msomaji hataelewa kwa nini nalikazia neno hili. Muhula uliopita niliandika katika gazeti la ukutani juu ya pampu ya kisima tunachotegemea, iliyokaa imeharibika kwa majuma matatu, tukawa twachota maji mbali kwa ndoo. Nilihesabu siku, nikahesabu ndoo, nikauliza wenzangu, na hayo yote yalikuwa sahihi. Halafu nikaongeza mstari mmoja kwamba mhusika ni mvivu na hajali. Baada ya siku mbili mzee yule aliniita akanionyesha karatasi. Alikuwa ameagiza chombo cha kutengenezea siku ya pili baada ya pampu kuharibika, akaandika tena, akaandika mara ya tatu, na hakuna aliyemjibu. Hakunigombeza. Niliomba radhi kwa maandishi, mahali pale pale ukutani. Ningaliuliza swali moja zaidi, ningalimpata yule asiyejibu barua, na habari yangu ingalikuwa na nguvu mara mbili.

Stanley, kwa kadiri niwezavyo kusoma, hakumwomba Kirk radhi.

Na yaliyofuata ni ya kushangaza. Barua za Livingstone, alizoziandika kwa gazeti la Herald na kumpa Stanley azichukue, zilieleza mauaji aliyoyaona kwa macho yake katika soko la Nyangwe mwezi wa Julai 1871, na ukatili wa biashara ya utumwa. Watu wa Uingereza waliposoma walighadhibika. Sir Bartle Frere akatumwa Unguja mwanzoni mwa mwaka wa 1873, akashindwa kupata mkataba, akaondoka. Aliyebaki na kuimaliza kazi ile, kwa maneno na kwa tishio la manowari, alikuwa Kirk. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha kusafirisha watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Kwa hiyo habari aliyoibeba Stanley na kazi aliyoifanya mtu aliyemchafua jina ziliungana, ingawa wenyewe hawakupatana.

Ulaya, Stanley mwenyewe alionja kazi yake. Wengine walisema barua zile amezighushi, hata jamaa za Livingstone walipothibitisha mwandiko. Wakubwa wa Chama cha Kifalme cha Jiografia walimdharau kwanza, kisha mwaka wa 1873 wakampa nishani ya dhahabu. Waandishi wa magazeti ya Wales wakaenda Denbigh wakaulizauliza kama yeye alivyoulizauliza Bagamoyo, wakatangaza kwamba Mmarekani huyu ni John Rowlands wa nyumba ya maskini. Alikana kwa miaka mingi.

Safari zake za baadaye zimeandikwa mahali pengi, nitazitaja kwa ufupi. Kati ya mwaka wa 1874 na 1877 alivuka Afrika kutoka Bagamoyo mpaka Boma karibu na bahari ya Atlantiki, akaizunguka Viktoria Nyanza na ziwa Tanganyika, akaufuata mto Kongo. Katika safari hiyo, mwezi wa Aprili 1876, alikutana na Mirambo, yule yule aliyempiga vita, wakachanjiana udugu wa damu. Katika safari hiyo hiyo aliwapiga risasi watu wa kisiwa cha Bumbire, akaua wengi, akaiandika habari hiyo mwenyewe katika magazeti akidhani atasifiwa. Watu wengi wa Uingereza walichukizwa. Sijui habari nyingine ambayo mwandishi alijishtaki namna hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha akamtumikia Leopold, Mfalme wa Ubelgiji, tangu mwaka wa 1879 mpaka 1884, akafungua njia na vituo katika Kongo kwa kupasua miamba, na huko akaitwa Bula Matari, yaani mvunja mawe. Njia hizo ndizo zilizotumiwa baadaye kuwatesa watu wa Kongo kwa ajili ya mpira. Aliyeitoa siri hiyo alikuwa karani wa kampuni ya meli, Bwana E. D. Morel. Kazi yake ilikuwa kusoma hesabu za shehena, akaona kwamba meli zinatoka Kongo zimejaa mpira na pembe, na zinazorudi zimebeba bunduki na risasi, wala bidhaa za kuwalipa watu hazimo. Akaacha kazi, akaanzisha gazeti lake mwaka wa 1903. Naye pia alianza na orodha ya mizigo. Mwezi wa Machi 1904 akaanzisha chama cha kutetea watu wa Kongo.

Stanley alikuwa mgonjwa wakati huo. Alikuwa amekwisha kuoa, amekuwa mbunge tangu 1895 mpaka 1900, na amepewa cheo cha Sir mwaka wa 1899. Alikufa London tarehe 10 Mei 1904. Alitaka azikwe Westminster Abbey karibu na Livingstone, lakini mkuu wa kanisa alikataa, akazikwa katika kijiji cha Pirbright. Juu ya kaburi lake lilisimamishwa jiwe kubwa lisilochongwa vizuri, likaandikwa jina la Stanley, na jina la Bula Matari, na miaka yake, na jina la Afrika. Jina la John Rowlands halimo.